Bustani na utulivu wa moyo: ni udongo, ni majani, au ni mikono?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu za watu wengi. Unasema udongo una bakteria wanaofanya kazi sawa na dawa za sonona, kwa hiyo ukiwa na huzuni zamisha mikono ardhini na utapona. Mwingine unasema mmea mmoja chumbani unatosha kusafisha hewa yote. Wa tatu unatoa kipimo kabisa, dakika 120 kwa wiki, kana kwamba bustani inatolewa kwa cheti cha daktari. Upande wa pili wapo wanaocheka: hayo ni mambo ya wastaafu, jembe ni jasho, na jasho halijawahi kumfurahisha mtu.

Kila upande umeshika kipande cha ukweli na kukivuta mpaka kimekatika. Watu wanaotunza bustani kweli hupata kitu, na watafiti wamekipima kwa njia mbalimbali. Ila kwa sehemu kubwa hakitoki pale ambapo ujumbe wa simu unadai kinatoka.

Kwanza tuelewane

Bustani ninayoizungumzia si shamba. Mtu ambaye mvua ikikosekana nyumba nzima inalala njaa ana uhusiano mwingine kabisa na ardhi, na si haki kumwambia kwamba jembe lake linamtuliza. Bustani hapa ni kipande ambacho mtu anakitunza kwa hiari yake: kona ya uwanja, makopo ya dirishani, tuta moja kwenye eneo ambalo majirani wanalitumia kwa pamoja. Mavuno yanaweza kuwepo na yakaliwa, lakini yakiharibika maisha yanaendelea. Bila hiari hiyo, mengi nitakayoyaeleza hayapo.

Jambo la pili ni kutenganisha msongo wa mawazo na sonona, maana hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia. Msongo ni hali ya mwili na akili kukaa macho kwa sababu ya shinikizo: kazi imebana, mtoto anaumwa, deni linadaiwa. Shinikizo likiondoka, kwa kawaida msongo nao hupungua. Sonona ni ugonjwa. Huzuni, au kukosa hamu na kila kitu, hudumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi na kuvuruga usingizi, ulaji, kazi na mahusiano. Utafiti unaoonyesha kwamba kitu fulani kinapunguza msongo haujasema lolote kuhusu kutibu sonona. Wanaosambaza ujumbe huwa hawajali tofauti hiyo.

Nusu saa ya kwanza

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Uholanzi, Agnes van den Berg na Mariëtte Custers, walichapisha jaribio dogo ambalo nalipenda kwa sababu linaeleweka hata na asiye mtaalamu. Waliwachukua watu 30 waliokuwa na vipande vyao vya bustani, wakawapa kazi ya makusudi ya kuwachosha akili. Baada ya hapo nusu yao wakaenda bustanini kufanya kazi nyepesi kwa dakika 30, na nusu wakakaa ndani wakisoma. Muda wote walipimwa mate ili kuona kiwango cha kotisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, ambayo hupanda mwili unapohisi kubanwa.

Kotisoli ilishuka kwa wote, kwa hiyo kusoma nako kulisaidia. Lakini kwa waliokuwa bustanini ilishuka zaidi. Tena hali yao ya moyo ilirudi ilivyokuwa kabla ya ile kazi ya kuchosha, wakati ya wasomaji iliendelea kudorora. Kumbuka tu kwamba wote 30 walikuwa wapenzi wa bustani tangu mwanzo. Jaribio hili halituambii nini kingetokea kwa mtu anayechukia matope.

Kwa nini iwe hivyo? Maelezo yanayotumiwa sana ni ya Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan. Walitofautisha umakini wa kujilazimisha na umakini unaokuja wenyewe. Ule wa kujilazimisha ni kama bawabu wa mlangoni. Siku nzima anawazuia wasioalikwa: mlio wa simu, kelele za jirani, wazo la jambo ulilosahau. Hakuna anayeona kazi yake, lakini jioni amechoka, na akishachoka kila mtu anaingia. Ndiyo maana mwisho wa siku unakasirishwa na jambo ambalo asubuhi ungelicheka. Bustanini bawabu anapata nafasi ya kukaa chini, kwa sababu vitu vinavyovuta jicho pale, jani lenye tundu, mdudu anayepanda shina, ua lililofunguka nusu, havihitaji kupigiwa vita. Unavitazama bila jitihada, na visipokuvutia unaviacha.

Mimi binafsi naipenda palizi kuliko kupanda, na nadhani sababu ndiyo hiyo. Gugu ukilishika juu linakatika na mzizi unabaki. Lazima ushuke mpaka pale shina linapoingia ardhini, ulibane kwa vidole viwili, ulizungushe kidogo, kisha uvute polepole mpaka uhisi mzizi unaachia. Akili inapata kazi ya kuizuia isizurure, ila si nyingi kiasi cha kuibana. Ukihamia kwenye nyanya kuondoa machipukizi ya kwapani, vidole vinabaki na utando wa kijani cha manjano na harufu kali inayotoka kwenye vinyweleo vya shina. Ukinawa, povu la sabuni linageuka manjano. Kwa muda huo wote hujawaza deni.

Macho peke yake pia yana sehemu yake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo kwenye hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, kati ya 1972 na 1981. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, tofauti isiyofika siku moja kwa wastani, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hao hawakugusa udongo wala kumwagilia chochote. Walitazama tu.

Kisa cha bakteria wa Ziwa Kyoga

Sasa tuje kwenye ule ujumbe wa bakteria, maana haukuzuka hewani.

Bakteria wenyewe wanaitwa Mycobacterium vaccae. Ni ndugu wa mbali wa bakteria wa kifua kikuu, ila hawa hawana madhara kwa mtu mwenye afya. Aina iliyotumika kwenye tafiti ilitoka kwenye tope la kando ya Ziwa Kyoga, Uganda, na wanasayansi walivutiwa nayo kwa namna inavyoigusa kinga ya mwili. Mwaka 2004 madaktari wa Uingereza wakiongozwa na Mary O'Brien walichapisha matokeo ya kuwachoma sindano za bakteria hao, wakiwa wameuawa, wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokuwa wakipewa pia dawa za saratani. Sindano haikuwaongezea muda wa kuishi. Lakini wagonjwa walisema wanajisikia nafuu zaidi.

Hilo liliamsha maswali. Mwaka 2007 Christopher Lowry na wenzake wakaonyesha kwamba kwa panya waliodungwa bakteria hao waliouawa, lilichangamka kundi fulani la seli za ubongo zinazotumia serotonini, kemikali ambayo dawa nyingi za sonona huilenga. Tabia za panya hao nazo zilibadilika kwa namna inayofanana na ya panya waliopewa dawa hizo.

Ni kazi nzuri ya sayansi, na bado inaendelea. Tazama lakini umbali uliorukwa kufika kwenye ujumbe wa simu. Panya wamegeuzwa kuwa watu. Sindano yenye kipimo imegeuzwa kuwa vidole vyenye vumbi. Bakteria wa aina moja, waliokuzwa maabara na kuuawa, wamegeuzwa kuwa udongo wowote wa mahali popote. Hakuna kati ya miruko hiyo mitatu iliyothibitishwa kwa mtu anayepalilia nyumbani kwake. Anayesema udongo unatibu sonona anadai jambo ambalo watafiti wenyewe hawajalidai.

Kama ni lazima udongo upewe sifa yake, iwe ya harufu. Ile harufu ya ardhi inayopanda unapomwagilia mahali pakavu inatokana kwa kiasi kikubwa na geosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wengine wa udongo, hasa wa jamii ya Streptomyces. Pua ya binadamu inaihisi hata ikiwa chembe chache tu katika trilioni. Wengi wetu tunaipenda, na hilo nalo ni malipo, hata kama halitibu kitu.

Nani anaushika mmea?

Hapa ndipo nadhani kiini kilipo, na cha ajabu ushahidi wake mzuri haukutoka bustanini.

Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha jaribio lililofanyika kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba wahudumu wapo kuwafanyia kila kitu, na kila mmoja akakabidhiwa mmea ambao wauguzi wangeumwagilia. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba mambo mengi ya maisha yao pale ni ya kuamua wenyewe. Nao wakapewa mmea, ila kila mmoja aliuchagua na kuambiwa autunze kwa mkono wake. Wiki chache baadaye ghorofa ya pili ilikuwa na watu wachangamfu zaidi, wenye kushiriki zaidi, na waliojiona wana furaha zaidi.

Ghorofa zote mbili zilikuwa na mimea. Majani yalikuwepo kote. Tofauti ilikuwa nani ana jukumu. Ni kweli kwamba wazee wa ghorofa ya pili walipewa pia uhuru wa mambo mengine, kwa hiyo mmea hauwezi kubeba sifa zote. Utasikia pia ikitajwa kwamba vifo vilipungua sana kwenye ghorofa hiyo. Hesabu ya taarifa iliyodai hivyo ilikuwa na kosa lililokuja kusahihishwa, na baada ya masahihisho ushahidi ulidhoofika. Kinachobaki kinatosha: kuangaliziwa mmea na kuutunza mwenyewe si kitu kimoja.

Nelson Mandela aliliona hilo katika mazingira magumu kuliko yote. Alipohamishiwa gereza la Pollsmoor mwaka 1982 alilima juu ya paa, kwenye nusu 32 za mapipa ya mafuta yaliyokatwa katikati. Kabla ya hapo, Robben Island, alikuwa na kipande chembamba cha ardhi kando ya ukuta wa ua. Alieleza baadaye kwamba bustani ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mfungwa anaweza kuvitawala mwenyewe.

Utawala wenyewe, hata hivyo, ni wa nusu, na nusu hiyo ndiyo tamu. Panda punje za maharage kwenye kopo. Siku kadhaa hakuna kinachotokea. Kisha udongo unapasuka ufa mdogo, kibonge kinainuka upande mmoja, na chini yake unaona shingo nyeupe iliyopinda, kichwa bado kiko chini. Mche unatanguliza mgongo ili ncha changa isichubuliwe na mchanga. Ukishapata mwanga shingo inanyooka na kuvuta nje zile nusu mbili za punje, mara nyingine zikiwa bado zimevaa ganda. Ulichofanya wewe ni kumwagilia na kuchagua mahali penye jua. Mengine yamejiendea. Huwezi kuuvuta ukue, na usipoumwagilia utakufa, na kati ya mambo hayo mawili kuna nafasi ya mtu kujiona ana maana bila kujiona yeye ndiye mungu.

Linganisha na kazi nyingi za siku hizi. Unaandika taarifa, inapanda ngazi, inapotelea huko. Mmea ulionyauka saa saba mchana ukaumwagilia, jioni umesimama. Jibu ni la wazi, limekuja siku hiyohiyo, na halina maneno.

Mimea pia hufa, na si kila mara kwa uzembe. Vidukari hawana huruma na konokono hawaombi ruhusa. Mandela alimwandikia mkewe Winnie kuhusu mnyanya alioutunza tangu ukiwa mche dhaifu mpaka ukazaa vizuri, kisha ukaanza kunyauka asiweze kuuokoa. Ulipokufa aliung'oa, akaosha mizizi yake na kuuzika kwenye kona ya bustani. Wanaopiga picha za bustani zao na kuzirusha mtandaoni huwa hawarushi kona hiyo, na anayeanza leo akizitazama sana atadhani yeye peke yake ndiye aliyeua mche. Tena wengine wanakata tamaa hapo na kusema mkono wao haukubali mimea. Mkono hauhusiki. Mara nyingi kilichoua ni maji kupita kiasi, kopo lisilo na tundu chini, au jua pungufu.

Au wenye furaha ndio wanaopenda bustani?

Swali hili huulizwa na wenye mashaka, na ni zuri. Ukikuta wenye bustani wana afya njema kuliko wasio nazo, huenda ni kwa sababu mwenye nafasi, muda na nguvu ndiye anayeweza kuwa na bustani. Tafiti nyingi haziwezi kulijibu hilo kwa sababu zinawatazama watu waliokwisha kujichagua wenyewe.

Njia ya kulijibu ni kuchagua kwa bahati nasibu nani apewe bustani. Kundi lililoongozwa na Jill Litt lilifanya hivyo Denver na Aurora, Colorado, na kuchapisha matokeo mwaka 2023. Watu 291 wasiokuwa na bustani waligawanywa: wengine wakapewa kipande kwenye bustani ya jumuiya pamoja na mafunzo ya kuanzia, wengine wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Waliopata kipande walikula nyuzinyuzi zaidi kwa kiasi cha gramu 1.4 hivi kwa siku wakilinganishwa na waliosubiri, walitembeza mwili zaidi, na msongo na wasiwasi wao ulipungua zaidi. Mabadiliko hayo si makubwa ya kushangaza, lakini hayawezi kuelezwa kwa kusema walikuwa hivyo tangu zamani. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba hiyo ilikuwa bustani ya jumuiya. Mtu anayekwenda kumwagilia anamkuta mwenzake anapalilia, wanabadilishana mbegu na malalamiko, na sehemu ya nafuu huenda inatoka hapo.

Na kuna matokeo mengine ambayo wapenzi wa bustani hawapendi kuyataja. Huko Florida, kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2022, wanawake wenye afya waligawanywa kati ya vipindi vya bustani na vipindi vya sanaa, mara mbili kwa wiki, na 32 wakamaliza. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya msongo na ya dalili za kushuka moyo, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Kwa maoni yangu hilo haliipunguzii bustani hadhi. Linaonyesha tu kwamba kazi ya mikono yenye ratiba, unayoifanya na wenzako na unayoona matokeo yake, ina nguvu yake popote inapofanyika. Kama wewe ni mtu wa kufuma au kuchora, hujapitwa na chochote.

Zile dakika 120 nazo zina asili. Zinatoka kwenye utafiti wa mwaka 2019 ulioongozwa na Mathew White wa Chuo Kikuu cha Exeter, uliowahoji watu karibu 20,000 wa Uingereza kuhusu muda wanaokaa kwenye maeneo ya asili kama misitu, fukwe na viwanja vya mapumziko. Muda wa kwenye bustani ya nyumbani haukuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo kuibandika namba hiyo kwenye bustani ni kuazima nguo ya mtu mwingine bila kumwuliza.

Mimea ya ndani na hewa ni hadithi fupi zaidi. Majaribio ya NASA ya mwaka 1989 yalifanyika kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walipiga hesabu upya na kuona kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka ndani ya jengo, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Uweke mmea kwa kuwa unakupendeza, na dirisha ulifungue.

Pale bustani inapokoma

Bustani huweza kugeuka mzigo, hasa kwa anayeanza na eneo kubwa kuliko muda wake. Magugu yakimshinda, kila akipita anaona kazi isiyoisha, na ile nafuu inageuka aibu. Makopo matatu yanayotunzwa ni bora kuliko matuta kumi yanayolaumiwa. Udongo nao una hatari zake, ikiwemo pepopunda, ambayo vijidudu vyake hukaa ardhini kwa miaka na kuingilia kwenye kidonda. Chanjo iwe haijapitwa na wakati, na mchubuko uoshwe siku hiyohiyo.

Kubwa zaidi ni sonona. Mazoezi mepesi, mwanga wa mchana na kazi ya mikono vinaweza kwenda pamoja na matibabu, na wapo wataalamu wanaotumia bustani kwa namna hiyo, kwa mpango na usimamizi. Lakini moja ya dalili za sonona ni kukosa raha hata na kile ulichokipenda. Mtu aliyekuwa hatoki kwenye maua yake, sasa anayapita bila kuyatazama na kopo la maji limekauka, hajawa mvivu. Kumwambia atoke nje akachezee udongo ni kumwongezea jambo moja zaidi aliloshindwa. Huyo asindikizwe kwa daktari au mshauri nasaha, na kwa wakati huo mtu mwingine wa nyumbani ayamwagilie maua.